Ukiambiwa Kuna Doa Jeusi Nyuma ya Jicho: Njia ya Kufuata Dar es Salaam Mpaka Jibu Lipatikane

Mtu anaingia duka la miwani Kariakoo au Posta akitaka miwani ya kusomea tu, anatoka na karatasi: "Doa jeusi nyuma ya jicho la kushoto. Aonwe na bingwa." Kuanzia hapo watu hugawanyika. Kuna wanaokesha wakisoma habari za saratani kwenye simu, na kuna wanaoikunja karatasi na kuitia kwenye mkoba mpaka wino ufutike. Mwongozo huu ni wa wote wawili, na wa ndugu atakayewasindikiza, na pia wa tabibu wa zahanati anayejiuliza kama amwandikie mgonjwa rufaa au amwambie arudi mwaka ujao.

Madoa mengi meusi ndani ya jicho si saratani. Inayoogopwa hapa ni melanoma, saratani inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi. Kwa Wamarekani weupe hupatikana kwa takribani watu 6 katika kila milioni 1 kwa mwaka. Kwa Wamarekani weusi haifiki hata mtu 1 katika milioni. Kwetu hiyo ni nafuu, lakini ina upande wake mbaya: ugonjwa usioonekana mara kwa mara ndio unaobandikwa majina ya magonjwa mengine. Daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nao, na siku unapokuja mbele yake akauita damu iliyoganda, au kovu, au mtoto wa jicho. Kwa hiyo usitegemee mtu mmoja akupe jina la doa kwa kulitazama mara moja. Jina hutokana na ushahidi uliokusanywa, na sehemu kubwa ya ushahidi huo utautunza wewe mwenyewe.

Hatua ya 1: Hakikisha ni la ndani kweli

Simama mbele ya kioo mchana, penye mwanga. Kama doa unaliona mwenyewe kwenye weupe wa jicho, hilo si la ndani. Wengi wetu wenye ngozi nyeusi tuna rangi ya kahawia kwenye weupe wa macho, hasa kuzunguka duara jeusi. Ikiwa bapa, iko macho yote mawili na haibadiliki mwaka hadi mwaka, ni rangi ya mwili tu. Kinachotaka haraka ni kinundu au nyama inayoota kwenye weupe wa jicho moja na kupanda kuelekea duara jeusi, ikiwa na mishipa ya damu minene inayoilisha. Saratani ya utando wa juu wa jicho huonekana sana Afrika Mashariki, ikihusishwa na jua kali na VVU. Hiyo ina njia yake na haingoji: nenda hospitali wiki hii hii, ikatwe na ipelekwe maabara.

Kwa mtoto mdogo, cha kuogopa ni weupe. Mboni inayong'aa nyeupe kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa flashi, au jicho lililoanza kengeza ghafla, yaweza kuwa retinoblastoma, saratani ya ndani ya jicho inayoongoza kwa watoto. Hapo usimalizie kusoma, mpeleke mtoto.

Doa la ndani mwenyewe hulioni kwenye kioo. Vile vinyuzi na nukta vinavyoelea ukitazama ukuta mweupe navyo ni kitu kingine, mara nyingi ni ute wa ndani ya jicho unaobadilika kwa umri. Ila vikija vingi kwa mpigo, pamoja na mimweko ya mwanga au kivuli kama pazia pembeni, retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inaweza kuwa inabanduka. Hapo nenda siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Andika ukurasa mmoja kabla hujaondoka nyumbani

Kliniki ya macho huwa na foleni, na muda wa kueleza ni mfupi. Ukija na ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri unamrahisishia daktari kuliko ukijaribu kukumbuka huku mboni zimepanuliwa na unaona ukungu.

Andika kwanza unachoona. Ziba jicho moja kwa kiganja, bila kulibonyeza, utazame kalenda ukutani, kisha ubadilishe. Mistari ya kalenda imepinda? Kuna sehemu imefifia? Ni tangu lini? Wengi hugundua siku hiyo kwamba jicho moja limekuwa likibebwa na jingine kwa muda mrefu. Kutoona tatizo lolote pia ni habari, iandike.

Kisha andika historia, na hapa usiache kitu kwa kuona hakihusu macho. Selimundu iko kwenye ukoo? Ugonjwa huo huvujisha damu ndani ya retina, na damu ikishanyonywa huacha kovu jeusi lenye ncha ncha kama jua lililochorwa na mtoto, doa ambalo asiyejua historia yako anaweza kulihofia bure. Uliwahi kuugua toksoplasma, ugonjwa wa vimelea, au kuambiwa una "kovu la zamani" nyuma ya jicho? Uliwahi kupigwa jichoni, hata kwa mpira utotoni? Una kisukari au shinikizo la damu? Uliwahi kutibiwa saratani ya titi au ya mapafu? Hizo mbili ndizo zinazoongoza kupeleka vipande vyake kwenye jicho. Na swali linalowashangaza watu: kuna mtu katika ukoo aliyeugua saratani ya utumbo mpana akiwa bado kijana? Nitalirudia mbele.

Mwisho, tafuta picha au majibu yoyote ya macho ya miaka iliyopita, iwe ya kupima miwani, uchunguzi wa kazini au kliniki ya kisukari. Picha ya nyuma ya jicho ya miaka minne nyuma ina thamani kuliko mashine mpya ya leo, kwa sababu inajibu swali ambalo mashine haiwezi: doa lilikuwepo? Lilikuwa na ukubwa gani?

Hatua ya 3: Chagua pa kwenda

Rufaa zetu hupanda ngazi, kutoka zahanati hadi hospitali ya taifa. Kwa tatizo hili, kituo chenye maana ni kile chenye daktari wa macho anayeweza kupanua mboni na kutazama nyuma kwa kina. Mkazi wa Ilala ataanzia Amana, wa Temeke hospitali ya Temeke, wa Kinondoni Mwananyamala. CCBRT pale Msasani inajulikana kwa huduma za macho, na Muhimbili, Upanga, ndiyo ngazi ya taifa. Kama unatumia bima, uliza kabla ya kutoka nyumbani kama kadi inakubalika pale unapokwenda na kama inadai barua ya rufaa. Kurudishwa kwa kukosa karatasi kunakula siku nzima.

Usiendeshe gari siku hiyo, wala usipande bodaboda peke yako kurudi. Dawa ya kupanua mboni huacha ukungu kwa saa kadhaa, na jua la saa nane mchana litakuumiza. Beba kofia na nenda na mtu. Macho yenye rangi nzito kama yetu huchelewa kupanuka, kwa hiyo usidhani umesahauliwa ukiongezewa matone mara mbili tatu. Jioni jicho likiuma sana, likawa jekundu na ukasikia kichefuchefu, rudi hospitali usiku huo huo, kwa sababu presha ya jicho inaweza kuwa imepanda.

Hatua ya 4: Chumba cha uchunguzi, na kwa nini doa husumbua

Hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo, na ukiuelewa utamvumilia daktari anayesema "sina uhakika bado". Huyo mara nyingi ni bora kuliko anayejibu papo hapo.

Nyuma ya jicho kuna tabaka mbili zenye rangi: moja chini tu ya retina, na chini yake koroidi, tabaka la mishipa ya damu. Kwa mtu mweusi zote mbili zina rangi nyingi. Kutafuta doa jeusi humo ni kama kutafuta alama ya mkaa kwenye tako la sufuria lenye masizi. Pambizo hazionekani vizuri, na dalili za rangi zilizoelezwa kwenye vitabu, vilivyoandikwa kwa macho ya Wazungu, hufifia.

Kuna mbinu rahisi isiyohitaji mashine ya gharama: mwanga wa kijani. Vifaa vingi vya kutazamia jicho vina kioo cha kijani. Mwanga huo haupenyi sana, kwa hiyo doa lililo chini kwenye koroidi hufifia au kupotea, na lililo kwenye tabaka la juu hubaki jeusi vile vile. Tofauti hiyo peke yake inagawa madoa mafungu mawili, na fungu la juu kwa kawaida si la kutisha.

Daktari makini hataishia nyuma. Atatazama jicho kwa mbele kabla ya matone, kwa sababu uvimbe unaweza kujificha nyuma ya duara la rangi, mahali ambapo hata mboni ikipanuka hauonekani vizuri. Alama zake ni za pembeni: mishipa ya damu iliyovimba kwenye weupe upande mmoja tu, lenzi iliyosukumwa, ukungu wa lenzi wa upande mmoja, au presha iliyopanda jicho moja bila sababu. Kama una mshipa mwekundu ambao haujaondoka kwa miezi na matone ya duka la dawa hayausaidii, mwonyeshe. Usione aibu kwamba ni jambo dogo.

Hatua ya 5: Dai picha, na uitunze wewe

Kama utafuata hatua moja tu katika zote hizi, iwe hii.

Doa la kawaida la koroidi, wataalamu huliita nevasi, na melanoma ndogo vinaweza kufanana kabisa siku ya kwanza. Tofauti yao kubwa ni tabia: nevasi hukaa, melanoma hukua. Na kukua hakuonekani bila cha kulinganisha nacho. Faili za karatasi hupotea, kompyuta hubadilishwa, daktari huhamishwa mkoa, na mgonjwa mwenyewe huhama kutoka hospitali moja hadi nyingine. Nimeona maelezo kama "doa, ukubwa wa wastani" kwenye faili. Ukubwa wa wastani ni upi? Miaka miwili baadaye sentensi hiyo haimsaidii mtu.

Kwa hiyo sema waziwazi, kwa heshima: "Shikamoo daktari, naomba nakala ya picha ya jicho langu niitunze." Picha iwe na tarehe, jicho gani, na ionyeshe doa pamoja na ile duara ya rangi ya chungwa hafifu ambapo mshipa wa fahamu unaingilia jichoni. Duara hiyo ina upana wa takribani milimita 1.5, na ndiyo rula ya asili ya kupimia doa. Kama hawana printa, piga picha skrini kwa simu yako, skrini nzima, pamoja na tarehe na kipimo vilivyoandikwa pembeni. Ukimtumia ndugu au daktari kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, siyo kama picha ya kawaida, maana ikitumwa kawaida hubanwa na ncha za doa huharibika. Hifadhi nyingine kwenye barua pepe yako. Simu za Dar zina tabia ya kubaki kwenye daladala.

Kama kituo hakina kamera ya retina, omba mchoro wenye vipimo: umbali kutoka kwenye mshipa wa fahamu, upana kwa kulinganisha na duara ile, na liko upande wa saa ngapi ukilifananisha jicho na uso wa saa. Mchoro mzuri unatosha kuanzia.

Palipo na skani ya retina inayoonyesha tabaka moja baada ya jingine, nayo iombwe. Kazi yake kubwa hapa ni kuonyesha maji yaliyokusanyika chini ya retina juu ya doa, hata yakiwa kidogo kiasi ambacho macho ya daktari hayawezi kuyaona. Maji hayo ni dalili nzito.

Hatua ya 6: Altrasaundi ya jicho

Picha ya rangi inaonyesha upana wa doa bila kimo chake, na kimo ndicho kinachotisha. Doa lenye kimo cha zaidi ya milimita 2 linahesabiwa kuwa la hatari, chini ya milimita 1 kwa kawaida si la haraka. Altrasaundi ya jicho haiumi: unafumba jicho, unapakwa jeli, kifaa kinapitishwa juu ya kope. Melanoma ina sura zake huko. Ndani yake mwangwi ni hafifu, ikaonekana kama tupu, na ikipasua utando ulio juu yake huchanua umbo la uyoga. Uvimbe uliotoka kwenye titi au mapafu huwa na mwangwi mkali zaidi na mgongo wenye mabonde. Damu hubadilika: rudia kipimo baada ya wiki kadhaa, damu itakuwa imepungua, uvimbe hautapungua.

Sasa jambo ambalo ningependa kila familia yenye mzee ilijue. Mtoto wa jicho akiwa mzito, daktari haoni nyuma. Kabla ya upasuaji wa jicho la namna hiyo, uliza: "Nyuma mmepaona? Kama hapaonekani, mmepiga altrasaundi?" Swali hilo lina uzito zaidi pale ambapo mtoto wa jicho yuko jicho moja tu na hakuna sababu ya wazi kama kuumia. Kambi za upasuaji zinasaidia watu wengi sana, na sisemi zikwepwe, lakini kufungua jicho lenye uvimbe usiojulikana kunaweza kutoa seli zake nje.

Vivyo hivyo jicho lililopofuka zamani na sasa linauma. Watu huomba lisafishwe tu ili wapumzike. Kuna upasuaji wa kukwangua vilivyomo na kuacha ganda. Lisifanyiwe hivyo kabla ya altrasaundi. Kama kuna shaka yoyote ya uvimbe, jicho hutolewa zima na kupelekwa maabara, halikwanguliwi.

Hatua ya 7: Kupima majina yanayowezekana

Hapa daktari anaweka ushahidi mezani. Ni vizuri ujue majina atakayoyataja.

Doa bapa, jeusi tititi, lenye ukingo uliokatwa safi kama kwa mkasi, pengine likiwa na vidirisha vyeupe ndani, ni unene wa kuzaliwa wa tabaka la rangi. Huachwa. Likiwa kundi la vidoa vidogo jicho moja, kama nyayo za mnyama, nalo huachwa. Lakini yakiwa mengi, yamesambaa macho yote mawili na umbo lake halieleweki, ndipo lile swali la utumbo mpana linaporudi: kuna ugonjwa wa kurithi unaoota vinyama vingi kwenye utumbo na kuishia saratani, na madoa haya yanaweza kuwa onyo lake la kwanza. Jicho lenyewe ni salama, tumbo ndilo linatakiwa kupimwa.

Doa jeusi kama lami lililokalia mshipa wa fahamu wenyewe, lenye kingo za manyoya manyoya, kwa kawaida ni melanosaitoma. Tofauti na melanoma, hili huwapata sana watu weusi. Ni mahali ambapo daktari aliyesoma tu kwenye picha za Wazungu anaweza kushtuka na kupendekeza jicho litolewe. Kugeuka saratani hutokea kwa asilimia 1 hadi 2 tu, kwa hiyo linapigwa picha na kufuatiliwa kila mwaka. Ukiambiwa jicho litolewe kwa doa la namna hii huku unaona vizuri, tafuta maoni ya pili kabla ya kusaini.

Kovu la toksoplasma lina katikati nyeupe na rangi nyeusi pembeni, na limezama badala ya kuinuka. Kovu la selimundu nimekwisha kulitaja. Damu chini ya retina huonekana nyeusi au kijivu, na kwa wazee, hasa wenye shinikizo la damu, inaweza kuinuka kama kilima na kuwadanganya hata mabingwa.

Baada ya hapo inabaki nevasi na melanoma. Profesa Bertil Damato, bingwa wa uvimbe wa macho aliyefanya kazi Liverpool, na wenzake walitengeneza mfumo wa alama unaoitwa MOLES ambao hata mtaalamu wa miwani anaweza kuutumia. Unatazama mambo matano: umbo la uyoga, rangi ya chungwa juu ya doa, ukubwa, kukua, na maji chini ya retina. Kila moja hupewa 0, 1 au 2. Jumla ikiwa 0 ni nevasi ya kawaida, 1 ni ya hatari ndogo, 2 ya hatari kubwa, na 3 au zaidi ni melanoma inayodhaniwa, mgonjwa apelekwe haraka kwa bingwa. Ona kwamba kipengele cha kukua hupewa 0 pale picha ya zamani inapokosekana. Hapo ndipo picha yako ya Hatua ya 5 inapofanya kazi.

Carol Shields, bingwa wa uvimbe wa macho, na wenzake wa Philadelphia walifuatilia madoa 2,355 na kuona kwamba doa lisilo na dalili yoyote ya hatari hugeuka kwa asilimia 1 tu ndani ya miaka 5, na lenye dalili nne hugeuka kwa karibu nusu. Uzisome takwimu hizi ukijua kwamba wagonjwa wa tafiti hizo wengi mno walikuwa weupe. Kwetu zinatoa mwelekeo. Rangi ya chungwa, kwa mfano, juu ya koroidi nyeusi inaweza kuonekana kahawia tu, na anayesubiri chungwa halisi hataliona.

Historia inatuonya pande zote mbili. Ripoti ya mwaka 1964 kutoka Marekani, ya macho yaliyotolewa kwa kudhaniwa yana melanoma, ilionyesha kwamba karibu jicho moja kati ya matano halikuwa nayo. Watu walipoteza macho kwa damu na makovu. Kufikia 1990, utafiti mkubwa wa huko huko ulipochunguza macho 413 yaliyotolewa, makosa yalikuwa 2 tu. Kilichobadilika ni altrasaundi, vifaa bora vya kutazamia, na madaktari wanaoona ugonjwa huo kila wiki. Ila utafiti huo ulihusu uvimbe wa kati na mkubwa. Vidogo vingali vinasumbua dunia nzima, siyo Dar tu.

Hatua ya 8: Sindano isiwe ya kwanza

Watu wengi huuliza: si wachukue kinyama wapime, tujue? Kwa titi au shingo, sawa. Kwa jicho, sindano inapita kwenye kiungo chembamba kinachoweza kuvuja damu au kubanduka retina, inatoa seli chache sana, na jibu la "hakuna saratani" halitoshi kulala nalo usingizi, kwani sindano inaweza kuwa ilikosa sehemu yenyewe. Hutumika pale ambapo ushahidi mwingine umegongana na jibu litabadilisha matibabu. Kwa mtoto anayeshukiwa retinoblastoma, sindano haiingizwi kabisa, maana inaweza kuisambaza saratani nje ya jicho.

Na dawa za majani za kutia jichoni hazifiki nyuma ya jicho hata kidogo. Zinachofanya ni kuchubua kioo cha mbele, halafu daktari hawezi tena kuona ndani.

Hatua ya 9: Ukiambiwa ni la kufuatilia

Hili ndilo jibu la wengi, na ndilo linaloharibika kuliko yote, kwa sababu mtu haumwi. Uliza tarehe ya kurudi, siyo "baadaye". Kwa kawaida doa jipya lenye shaka kidogo hutazamwa tena baada ya miezi 3 hadi 6, kisha kila mwaka likitulia. Weka tarehe kwenye simu ya mtoto au mjukuu pia. Kila unaporudi nenda na picha zote na mwombe daktari aweke ya kwanza kando ya ya leo, siyo ya mwaka jana tu. Kinachokua polepole huonekana ukilinganisha mbali.

Kati ya miadi na miadi, rudia kile kipimo cha kalenda mara moja kwa mwezi. Mistari ikianza kupinda, usingoje tarehe.

Hatua ya 10: Ikithibitika ni melanoma

Swali la kwanza la daktari litakuwa ini. Melanoma ya jicho husafiri kwa damu na hupenda ini kuliko kiungo kingine chochote, kwa hiyo altrasaundi ya ini na vipimo vya damu hufanywa mwanzoni na kurudiwa kwa miaka. Ulizia pia kuhusishwa kwa wataalamu wa saratani. Kwa Dar jina la kwanza hapo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Matibabu hutegemea ukubwa. Kuna kushonea kibamba chenye mionzi nje ya jicho kwa siku chache, kuna mionzi ya protoni, na kuna kulitoa jicho. Kwa uvimbe wa kati, utafiti wa Marekani wa wagonjwa 1,317 haukuona tofauti ya muda wa kuishi kati ya kibamba cha aidini yenye mionzi na kulitoa jicho, hata baada ya miaka 12. Uliza kipi kinapatikana hapa, kipi kinadai safari, na kusubiri safari kutagharimu muda gani. Kukataa kutolewa jicho ni haki yako, ila ukatae ukiwa na majibu hayo matatu.

Jicho likitolewa, kazi ya kutafuta jina haijaisha. Linatakiwa litumbukizwe zima kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi, na kufika maabara ya patholojia. Hata huko rangi husumbua: melanini, yaani rangi yenyewe, ikiwa nyingi hufunika viini vya seli, na maabara hulazimika kuiondoa kwa kemikali, mojawapo ikiwa potasiamu pamanganeti, ndipo watazame upya. Hilo huongeza siku. Kabla hujaruhusiwa kutoka wodini, uliza sampuli imepelekwa maabara gani na lini majibu yatatoka, na uandike namba ya sampuli yenyewe kando ya namba ya faili, kwa sababu ukienda dirishani kuyafuata, namba ya sampuli ndiyo watakayokuuliza.